Kidole Kisichoonekana

Tuanze na tukio moja tu, tulisome kwa utaratibu. Timu yako ina mpira, iko kwenye jaribio la tatu, na imebakiza yadi 7. Mchezo umesimama. Kwenye kioo vimetokea vibao vitatu, kila kimoja na mchoro wake wa nukta na mistari inayopinda, kuonyesha nani atakimbilia wapi. Kila kibao kina alama ya kitufe kimoja cha pedi. Mwenzako uliyekaa naye benchi moja anaviona vibao vyako vyote vitatu, kama wewe unavyoviona vyake. Asichokiona ni kidole chako. Unabonyeza, vibao vinatoweka, wachezaji wanajipanga mstarini wakitazamana, na kwa muda mfupi hakuna anayetikisika. Kisha mpira unapitishwa nyuma, na ndani ya sekunde tano au sita mambo yamekwisha: ama umepata yadi zako, ama umeangushwa, ama mpira umeporwa. Filimbi inalia na vibao vitatu vinarudi.

Hilo ndilo umbo la gemu za futiboli ya Kimarekani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na michoro ya nyasi, jasho na umati iliyoongezwa baadaye haikuligusa. Watu wengi wakiulizwa gemu hizi zinavutia kwa nini hutaja vishindo: miili inavyogongana, kofia zinavyolia, mtu anavyorushwa juu. Mimi naona wanataja kitu kidogo. Kinachomshika mchezaji ni ule utulivu wa katikati, pale anapoambiwa: sema sasa unataka kufanya nini, na ukishasema, hutapata muda wa kusema tena mpaka matokeo yaonekane.

Naandika haya nikiwa Kidahwe, pale barabara ya kutoka Kigoma mjini inapogawanyika, moja ikielekea Kasulu na nyingine Uvinza. Huku hakuna uwanja wa mchezo huo na wala hakuna anayeutafuta. Mpira tunaoujua ni mmoja, na tangu Mashujaa FC ipande Ligi Kuu msimu wa 2023/24 mazungumzo ya vijiweni ni ya Uwanja wa Lake Tanganyika tu. Kwenye vibanda vya gemu nako ni hivyo hivyo: soka asubuhi, soka jioni. Lakini mashine zilizotumika huko nje zinapotufikia, mara nyingi huja na diski zake, na Madden, gemu ya futiboli ya Kimarekani, huwamo. Mimi nilikutana nayo kwa njia hiyo. Diski ambayo kila mtu aliitoa na kuiweka pembeni ndiyo niliyoishia kuipenda kuliko zote, na uhakiki huu ni jaribio la kueleza sababu kwa kutazama jinsi kitu chenyewe kilivyojengwa.

Kwa asiyejua kanuni, chache zinatosha. Kila upande una watu 11. Timu inayoshambulia inapewa majaribio 4 ya kusogea mbele yadi 10, yaani zaidi kidogo ya mita 9. Ikifaulu inapewa mengine manne, ikishindwa mpira unahamia kwa wapinzani. Kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho ni pointi 6, na kuupiga kwa mguu upite katikati ya milingoti ni pointi 3. Kati ya tukio na tukio kuna saa ndogo inayohesabu, na kwenye ligi kuu ya Marekani, NFL, saa hiyo ni sekunde 40. Mwaka 2010 gazeti la Wall Street Journal lilipima matangazo ya mechi za ligi hiyo, likakuta kwamba ndani ya saa zipatazo tatu mpira unakuwa mchezoni kwa dakika 11 hivi. Muda mwingine wote ni watu kusimama, kujipanga, kuzungumza na kusubiri.

Mtazamaji anaweza kuona hizo dakika nyingine kuwa hasara. Kwa mtengeneza gemu ndizo mali, kwa sababu mtu aliyeshika pedi hasubiri kama anavyosubiri aliye mbele ya televisheni. Anachagua. Kile ambacho uwanjani ni mapumziko, kwenye gemu kinageuka kuwa zamu.

Na zamu ni jambo tunalolijua vizuri. Anayetaka kuelewa Madden asianzie kwenye kibanda cha soka, aende Ujiji kwenye baraza la wazee wa bao. Mashimo 32, kete 64, watu wawili. Katika namua, awamu ya kwanza ya bao, mchezaji anashika kete moja tu ya kuingiza, lakini kabla mkono haujashuka amekwisha kutembea kichwani mizunguko kadhaa, amejua atakula wapi, ataishia wapi, na nyumba itabaki salama au itavunjika. Mkono ukishashuka, kete zinasambaa kwa sheria yake na hakuna ruhusa ya kurudi nyuma. Nia inatangulia na tendo linafuata kwa kasi yake. Huo ndio mpangilio wa sekunde 40 na sekunde sita. Palipo na tofauti ndipo uhakiki unapoanza: kwenye bao kila kete iko wazi, na anayeshindwa hawezi kulalamika kwamba alifichwa kitu. Gemu ya futiboli ya Kimarekani imechukua zamu ikaitia siri. Wote wawili mnachagua kwa wakati mmoja, na hakuna anayejua mwenzake kachagua nini mpaka mpira utembee.

Siri hiyo ilijengwaje kwenye kioo kimoja kinachotazamwa na watu wawili? Hili ni swali la umbo, na kila mtengenezaji alilijibu kwa namna yake.

Jibu kali kuliko yote lilitoka Japani. Kampuni ya Tecmo ilitoa Tecmo Bowl kwa mashine ya Nintendo mwaka 1989. Haikuwa na nafasi ya kuigiza uwanja mzima, hata idadi ya wachezaji ilipunguzwa ikawa 9 kila upande. Anayeshambulia alikuwa na mipango 4 tu. Anayelinda naye alichagua kati ya hiyo hiyo minne, akikisia mwenzake kachagua upi. Akikisia sawa, ukuta wa mshambuliaji unabomoka mara moja na mrushaji anaangushwa kabla hajainua mkono. Akikosea, uwanja uko wazi. Futiboli nzima, yenye makocha wanaobeba vitabu vya mipango, ilisagwa mpaka ikabaki swali moja: unadhani mimi nitafanya nini, huku ukijua kwamba najua unanidhania? Mwaka 1991 Tecmo Super Bowl iliongeza mipango ikawa 8 na wachezaji 11, ikaja na timu 28 za NFL kwa majina yake. Ndani yake alikuwamo mchezaji Bo Jackson, aliyefanywa kuwa na mbio kiasi kwamba mtu mwenye ustadi aliweza kumzungusha uwanjani, mbele na nyuma, mpaka robo nzima ya mchezo ikaisha bila kukamatwa. Ni kasoro ya mizani, ndiyo. Lakini Wamarekani wa rika lile bado wanamsimulia Bo Jackson wa kwenye kioo kama wanavyomsimulia yule wa uwanjani.

Jibu la pili ni la John Madden. Alikuwa kocha wa Oakland Raiders aliyetwaa ubingwa Januari 1977, kisha akawa mtangazaji. Kwa kuwa hakupenda kabisa kupanda ndege, alizunguka nchi yake kwa treni, na ndani ya treni, mwaka 1984, ndimo Trip Hawkins wa kampuni ya Electronic Arts alimofanya naye mazungumzo marefu kuhusu gemu hiyo. Msomaji wa Kigoma aliyewahi kwenda Dar es Salaam kwa reli ya kati anajua treni inavyowapa watu muda wa kumaliza hoja. Kompyuta za wakati ule zilikuwa dhaifu, na watengenezaji walitaka wachezaji sita au saba kila upande. Madden alikataa: kama si 11 kwa 11, hiyo si futiboli na jina lake lisiwekwe. Kwa sababu hiyo kazi ikachukua miaka, na toleo la kwanza likatoka mwaka 1988 kwa kompyuta ya Apple II. Lililoshika watu ni la mwaka 1990, la mashine ya Sega Genesis, na humo ndimo vilimokuwa vile vibao vitatu na vitufe vitatu vya A, B na C.

Mimi naviona vibao hivyo kuwa uamuzi bora wa kiufundi katika gemu yoyote ya michezo. Tecmo ilimficha mshambuliaji nyuma ya mipango minne isiyobadilika, lakini Madden ikafanya jambo gumu zaidi: ikaonyesha na kuficha kwa pamoja. Mpinzani wako anajua kwamba jibu liko ndani ya vibao vitatu alivyoviona, na ujuzi huo wa nusu ndio unaomtesa. Asingejua kitu angebahatisha tu na kutulia, na angejua kila kitu pasingebaki mchezo. Kwa hiyo anaacha kutazama kioo na kuanza kukutazama wewe. Anatazama mabega yako, kidole gumba, pumzi. Watu wanaficha pedi ndani ya shati au chini ya meza. Gemu imetoka kwenye televisheni ikahamia kwenye benchi, na sijaona gemu nyingine ya mpira inayowalazimisha wawili kusomana nyuso namna hii.

Kisha kuna pasi. Kwenye gemu za soka pasi ni mwelekeo: unasukuma kijiti upande fulani, unapima nguvu, na mashine inakisia ulimlenga nani. Kwenye Madden pasi ni mtu. Mpira ukishapitishwa nyuma kwa mrushaji, kila mpokeaji anabeba alama ya kitufe juu ya kichwa chake, na ukibonyeza alama hiyo umemchagua yeye na si mwingine. Wanakimbia wanne au watano kwa njia tofauti, kila mmoja akiwa wazi kwa nukta ya muda na kufunikwa nukta inayofuata, nawe unatakiwa kuwapitia mmoja mmoja kwa macho kabla watu wakubwa hawajakufikia. Ni kazi ya kusoma chini ya shinikizo. Uliloliandika kichwani sekunde chache zilizopita, sasa unalisoma likiwa linatembea, na mara nyingi unakuta limeandikwa upya na mpinzani.

Kamera nayo imewekwa kwa ajili ya usomaji huo. Soka la kwenye gemu, kuanzia ile FIFA ya kwanza ya mwaka 1993 iliyotazama uwanja kwa mshazari, limependa kukaa jukwaani, na wachezaji wawili wanapata kiti kimoja. Madden ya 1990 ilishuka ikasimama nyuma ya mrushaji. Uwanja ukawa kitu kilicho mbele yako, chenye kina, na ukuta wa watu kati yako na unakokwenda. Anayelinda analipa gharama ya uamuzi huo, kwa sababu anaona mambo yakimjia badala ya yeye kuyaendea, na watu wake wa nyuma mara nyingi wako nje ya kioo. Hapo sioni usawa, na nadhani watengenezaji waliutoa usawa kwa kujua, ili mshambuliaji apewe macho ya mtu mmoja.

Walipotaka kuyaonyesha macho hayo waziwazi walishindwa, na kushindwa kwao kunafundisha. Madden NFL 06, iliyotoka mwaka 2005, ilichora mwale wa mwanga kutoka usoni mwa mrushaji kuonyesha anatazama wapi. Mpira uliorushwa nje ya mwale ulikosa shabaha. Mrushaji hodari kama Peyton Manning alikuwa na mwale mpana ulioenea karibu uwanja wote, na dhaifu alikuwa na mwembamba. Kwa nadharia, wazo zuri: hata kipaji cha mtu kikapewa umbo linaloonekana. Kwa vitendo, aliyekaa pembeni yako alikuwa akiuona mwale huo pia. Kila ulipomtazama mpokeaji wako ulikuwa umemtangazia adui. Kile vibao vitatu vilichokilinda kwa miaka 15, mwale ulikivunja kwa sekunde moja. Wachezaji waliuchukia, ukafanywa hiari, hatimaye ukaondolewa.

Kuna sauti pia, nayo isisahaulike. Matoleo mengi yalikuwa na kibonyezo cha kumuuliza Madden mwenyewe: ukikwama, anakuchagulia mpango. Mzee anakaa ndani ya mashine, anatoa ushauri, nawe una hiari ya kuufuata au kuuacha. Ni sehemu ninayoipenda kwa moyo wote. Gemu nyingi humfundisha mgeni kwa kumwekea maelezo marefu mwanzoni kisha zikamwacha, lakini hii ilimwachia mgeni mwalimu mpaka filimbi ya mwisho, bila kumwaibisha.

Jambo hilo lina uzito kwa watu wa mkoa huu kuliko wanavyodhani wengi. Barabara inayopita hapa kwenda Kasulu ndiyo inayowafikisha watu Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongomani waliokimbia vita. Maelfu yao wamehamishiwa Marekani kwa mpango wa makazi mapya, na watoto waliokulia Kiswahili cha kambini, wakicheza mpira wa matambara, sasa wanasoma kwenye shule ambazo Ijumaa jioni mji mzima unakwenda kutazama futiboli nyingine kabisa. Kwa kijana wa aina hiyo pedi ni daftari la kanuni. Akichagua mpango mbaya kwenye jaribio la nne ananyang'anywa mpira, na hatahitaji kuelezwa tena jaribio la nne ni nini. Na si kwamba watu wetu hawamo kwenye mchezo wenyewe. Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka aliyekuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, aliichezea New York Giants kuanzia 2006, na timu hiyo ikatwaa ubingwa mara mbili akiwa mchezaji wake. Daniel Adongo wa Nairobi alitoka kwenye raga, bila kuwahi kuicheza futiboli hiyo, akasajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 na kuwa Mkenya wa kwanza kucheza NFL. Mwaka 2023 ligi hiyo ilifanya kambi ya kusaka vipaji Nairobi.

Kwa nini basi vibanda vyetu haviitaki Madden? Jibu rahisi ni kwamba hatuujui mchezo, na ni kweli kwa sehemu. Kijana aliyemwona Mbwana Samatta kwenye jezi ya Aston Villa mwaka 2020, kisha akamkuta ndani ya FIFA, hahitaji kushawishiwa zaidi. Lakini kuna sababu ya kiumbo inayoumiza zaidi. Kibanda kinaishi kwa mechi fupi: mnalipa, mnacheza, aliyefungwa anampisha anayesubiri, na mwenye kibanda anataka benchi lisogee. Mechi ya soka ya kwenye gemu huisha kwa dakika kumi hivi. Madden, yenye robo nne na kusimama kila baada ya tukio, inaweza kula muda wa mechi tatu. Wale wanaosubiri nyuma nao hawana cha kushangilia katika sehemu kubwa ya muda huo, kwa kuwa utamu uko kwenye vichwa vya wawili waliokaa. Soka linampa kila aliyesimama mlangoni sababu ya kupiga kelele. Biashara ya kibanda imechagua umbo linaloifaa, na siwezi kuilaumu.

Ninachokilaumu ni kile ambacho Electronic Arts (EA) imeifanyia kazi yake yenyewe. Mwaka 2004 mshindani wake, ESPN NFL 2K5, aliuzwa kwa dola 19.99 na wengi wakamwona bora. Desemba mwaka huo huo EA ikanunua haki ya pekee ya kutumia timu na wachezaji wa NFL, na ushindani ukaisha. Tangu hapo toleo hutoka kila mwaka likiwa limeongezewa vitu. Mipango imekuwa mamia, ikipangwa kwenye kurasa ndani ya kurasa, hata macho ya mpinzani hayana tena vitu vitatu vya kushika. Kuna sehemu ya kukusanya kadi za wachezaji ambako mwenye fedha anajijengea timu isiyofikiwa na asiye nazo. Kucheza kwa mtandao na mtu usiyemwona kumeondoa shati, meza na kidole. Sekunde za kuchagua zipo bado, ila zimejaa vitu kiasi kwamba uzito wake umepotea.

Hukumu yangu ni hii. Tecmo Bowl ina wazo safi kuliko zote, lakini ni katili: ukishakisiwa, ustadi wa mkono haukuokoi. Madden za miaka hii zina kila kitu isipokuwa ukimya. Zilizo bora ni Madden za kuanzia 1990 mpaka zile za PlayStation 2 za kabla ya mwale, kwa sababu zilimruhusu aliyekisiwa kubadili mpango akiwa mstarini, au kujiokoa kwa mkono mwepesi, huku siri ya vibao vitatu ikibaki palepale. Humo akili na kidole vilipewa haki sawa.

Kwa hiyo ukiikuta diski hiyo kwenye boksi la mashine zilizotumika, iwe Mwanga, Ujiji au hapa Kidahwe, usiitupe. Punguza robo ziwe za dakika tatu ili wengine nao wapate zamu, chagua timu zenye nguvu sawa, na umkalishe pembeni yako mtu unayemfahamu kwa miaka. Kanuni utazijua kabla ya mechi ya pili.